Funda Moja la Usagara

Okwach alikuwa amesamehewa, na katika miaka yake hamsini na mitano hakuna jambo lililowahi kumuudhi kama hilo.

Angepigwa, angevumilia. Angetukanwa stendi na mpiga debe asiye na adabu, angemjibu na yangeisha hapohapo. Lakini kusamehewa! Kusamehewa na wazee wanane waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa dogo la Butimba, wakimtazama kwa huruma kama mgonjwa aliyeletwa kuombewa, wakati hakuwa na kosa hata la kuazima! Jambo hilo lilimkaba koo tangu Alhamisi jioni. Leo Ijumaa asubuhi alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, gari lake la Pijo mbele yake limefunguliwa boneti, na bado lilikuwa halijashuka. Alitema mate pembeni, akafuta mdomo.

Kosa lenyewe waliliita ulevi. Anayemjua Okwach angedhani ni mzaha. Baba yake, Odongo, alikuwa mvuvi wa kutegemewa kule mwambao wa ziwa upande wa Mara, mpaka alipokunywa gongo mbaya kwenye matanga ya jirani. Kesho yake aliamka haoni. Siku ya tatu akafa. Okwach alikuwa na miaka kumi na minne. Alichota udongo wa kaburi, akaufumbata mkononi, akaapa mbele ya mama yake kwamba kitu hicho hakitapita kinywani mwake mpaka naye afukiwe. Ilikuwa imepita miaka arobaini na moja. Miaka ishirini na mitatu kati ya hiyo aliendesha malori ya shirika la umma, kazi ambayo wenzake waliifanya na chupa chini ya kiti, na walimbandika jina la Chai kwa sababu ndicho kinywaji pekee walichowahi kumwona nacho. Kanisani alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa kwa sababu hiyohiyo. Kuimba hakujua, na kusali mbele za watu kulimtoa jasho, lakini kijana akianza kuyumba kwa pombe, mchungaji alikuwa akisema, "Mpelekeni kwa Mzee Okwach." Gari lake lilikuwa kuukuu na nyumba yake ya matofali ya udongo. Jina ndilo lilikuwa safi.

Sasa Jumapili, mbele ya watu wote, lingesomwa tangazo: Mzee Okwach alikutwa amelewa, amekiri, kanisa limemsamehe, naye atakaa benchi la nyuma kwa miezi sita. Amekiri! Alikiri lini, na kwa nani?

Mambo yalianzia Jumamosi iliyopita. Mchungaji Josephat alikuwa na arusi ya mpwa wake huko Misungwi, akamwomba Okwach awapeleke: yeye, mkewe, na Mama Kija, bibi wa miaka karibu themanini ambaye hakuna shughuli ya kanisa iliyofanyika bila yeye. Okwach alioga, akavaa shati jeupe, akajaza mafuta kwenye pampu ya Shimba.

Huyu Shimba alikuwa mzee wa kanisa mwenzake, ingawa kwa umri alikuwa mdogo wake kwa miaka mingi. Ulikuwa wakati wa ruksa. Shirika la akina Okwach lilikuwa limeuzwa, wafanyakazi wamerudishwa majumbani, kila mmoja na kiinua mgongo chake, na cha Okwach kilitosha kununua Pijo 504 iliyokwisha choka. Na mtu yeyote aliyekuwa na uwezo aliruhusiwa kufukia tangi ardhini, akasimamisha pampu juu yake, akaitwa mfanyabiashara. Shimba aliuza nyavu, akahamia kwenye minofu ya sangara, sasa alikuwa kwenye petroli. Mabati mapya ya kanisa yalitoka mfukoni mwake, na kila aliyeinua uso kumshukuru Mungu aliyaona kwanza hayo.

Walipoipita Usagara, gari likaanza kukohoa. Likajikokota kidogo, likazima. Okwach alishuka, akafungua boneti, akafanya kile ambacho dereva yeyote wa zamani hufanya akikwama njiani: alichomoa mpira wa mafuta, akauweka mdomoni, akavuta. Ukiijua kazi hii, petroli unaikatiza kabla haijagusa ulimi, unatema, unarudisha mpira, unaendelea na safari. Okwach alivuta petroli maisha yake yote na hakuwahi kumeza hata tone. Lakini kilichopanda safari hiyo hakikuja kama petroli. Kilimuunguza kwa namna ngeni, akashtuka, na katika kushtuka kule akameza. Funda moja zima. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kabla hajamaliza kukohoa alikuwa amekwisha jua ni nini. Hakuwahi kukionja, lakini ilikuwa ndiyo harufu ya shati la baba yake.

Alijiambia haiwezekani. Akapuliza jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta, kwa mdomo, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kila mara majimaji yale yakimrukia usoni na kwenye shati. Gari likawaka. Alipoingia ndani, mke wa mchungaji alishusha kioo, akageuzia uso nje mpaka Misungwi. Kule baba wa bibi arusi alikuja kuwapokea kwa mikono miwili, akamkuta dereva macho mekundu, shati limelowa, ananuka kama kilabu, akarudi nyuma hatua mbili.

Baraza la wazee lilikaa Alhamisi.

"Yalikuwa mafuta," Okwach aliwaambia. "Nilivuta mpira, nikapaliwa."

"Mzee Okwach," mchungaji alisema, "petroli haina harufu ile. Mimi nilikuwemo garini."

"Haina, mchungaji. Ndiyo nasema. Mle tangini mlikuwa na kitu kingine. Mafuta yale yamechanganywa."

Wote wakageuka kumtazama Shimba. Shimba hakukasirika. Alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja kikombe. "Mzee wangu, mafuta yangu wananunua watu wengi. Mbona hatujawaona wanapepesuka barabarani?"

Wazee wakacheka. Baadhi ya waliocheka walikuwa watu ambao Okwach aliwahi kukesha nao wakiwa wagonjwa.

"Mimi naomba tusimwonee," Shimba akaendelea. "Ni binadamu. Safari, joto, shughuli. Ibilisi hachagui. Mimi nasema tumsamehe tu, yaishe."

"Amina," wakasema. Amina! Okwach alimtazama Shimba machoni, na Shimba akahamishia macho yake kwenye mabati. Hapo ndipo Okwach alipojua kwamba yule mtu anajua. Damu ilimpanda mpaka akasahau kuzungumza, na kunyamaza kwake ndiko walikokuandika kuwa ni kukiri.

Yote hayo angeyabeba kama si ya nyumbani. Usiku ule alimsimulia mkewe Roza kila kitu. Roza alisikiliza akimenya viazi vitamu, kisu hakisimami. Mumewe alipomaliza, Roza aliuliza bila kuinua uso:

"Baba Akinyi, ulionja?"

"Mimi?"

"Lile shati nilifua mimi."

Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na moja.

Ndiyo maana Ijumaa ile Okwach alikuwa uani, hana safari, hana abiria, na mbele yake kwenye ubao kulikuwa na chupa mbili nyeupe za soda, zimeoshwa zikang'aa. Kila moja aliifunga uzi mweusi, kwenye robo ya kimo chake kutoka chini. Kwenye kila moja alitia maji mpaka kwenye uzi, yasipungue wala yasizidi. Alimwita mkewe.

"Mama Akinyi, njoo ukae hapa. Sitasema kitu. Wewe tazama tu."

Ujuzi huu aliutoa kwa fundi mkuu wa shirika, marehemu Chenge. Miaka ya themanini mafuta yalipoadimika, shirika lilijaribu kuchanganya petroli na spiriti ya molasi, ile inayotokana na miwa, sehemu moja ya spiriti kwa tisa za petroli. Walifanya mchana kweupe, na mapipa yaliandikwa kwa rangi nyekundu. Chenge aliwapanga madereva wote mstari, akawafundisha. Tangi liwe kavu kabisa. Chujio libadilishwe baada ya siku chache, kwa sababu spiriti inang'oa kutu yote ya zamani na kuileta kwenye kabureta. Jeti ipanuliwe kidogo. Na maji yasisogee karibu, kwa sababu spiriti inapenda maji kuliko inavyoipenda petroli. Yakiingia, inaiacha petroli juu na kushuka pamoja na maji chini ya tangi, na gari litanyonya hicho cha chini kwanza. "Na mpira," Chenge alisema, "mwezi huu asivute mtu kwa mdomo." Malori yalikwenda bila matatizo, maana matangi yao yalikuwa makavu; la Pijo kuukuu halikukosa maji. Okwach hakuwa na ugomvi na spiriti ndani ya injini. Injini haijaapa mbele ya mtu.

Alimimina kwenye chupa ya kwanza petroli aliyoinunua asubuhi mjini, kwenye pampu nyingine. Akaziba kwa kiganja, akatikisa kwa nguvu, akaiweka chini. Petroli ikapanda, maji yakashuka, yakatulia palepale kwenye uzi. Roza alitazama.

Kwenye chupa ya pili alimimina petroli ya Shimba, aliyoichukua asubuhi hiyohiyo, gari za watu zikiwa zimepanga foleni. Akatikisa. Akaweka chini. Wakasubiri. Maji yalitulia taratibu, yakafika kwenye uzi, yakaupita, yakapanda vidole viwili vizima juu yake, na hapo yakasimama.

"Maji yameongezeka," Roza alisema.

"Maji hayajaongezeka. Kuna kitu kimetoka kwenye petroli, kikaenda kwenye maji."

Roza aliichukua chupa, akamwaga petroli ya juu mchangani kwa uangalifu, akanusa iliyobaki. Aliishusha. Akanusa tena. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, chupa mapajani, na uso wake ulibadilika polepole kutoka kwenye mshangao kwenda kwenye hasira ambayo Okwach hakuwa ameiona tangu mtoto wao apigwe shuleni bila kosa.

"Kwa hiyo walikunywesha," alisema. "Mume wangu walikunywesha pombe kama mtoto anayenyweshwa dawa, halafu wakakaa wakakusamehe. Na mimi nikakuuliza kama umeonja. Baba Akinyi, nisa..."

"Usilitamke hilo neno," Okwach akamkatiza. "Wiki hii sitaki kulisikia."

Jumamosi alikwenda kwa mchungaji, chupa kwenye mfuko wa karatasi. Alirudia jaribio lote mezani, mbele ya macho yake. Mchungaji Josephat alitazama maji yakiupita uzi. Hakuishika chupa. Alitazama dirishani, upande wa kanisa.

"Mzee Okwach, paa la kanisa limefika nusu."

"Naona."

"Masika yako karibu."

"Na jina langu, mchungaji?"

"Lakini wewe si umekwisha samehewa?" mchungaji alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa kwa dhati. "Miezi sita si mingi. Unataka nini zaidi ya hapo?"

Okwach aliirudisha chupa kwenye mfuko, akaaga. Aliogopa kwamba akikaa dakika moja zaidi atasema neno ambalo kweli lingehitaji msamaha.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Habari za namna hiyo hazihitaji mjumbe. Baada ya nyimbo, mchungaji alifungua daftari la baraza, akasoma kwa haraka bila kuinua macho, kama anayevuka barabara. Alipofika kwenye "amekiri", Okwach alisimama.

"Sikukiri."

Mchungaji aliendelea kusoma.

"Mchungaji, sikukiri," Okwach alisema tena, sasa kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwaita matingo wa malori toka upande wa pili wa yadi. Mchungaji akaacha kusoma. Okwach alitembea mpaka benchi la mbele, alipokaa Mama Kija, akatoa ile chupa ya pili, petroli ya juu imekwisha mwagwa, akainama kwa heshima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unuse hii, uwaambie watu ni nini."

Kila mtu pale aliujua ushuhuda wa Mama Kija, maana aliutoa kila mwaka na kila mwaka ulirefuka. Kabla ya kuokoka alipika gongo kwa miaka thelathini, akasomesha watoto sita kwa mtungi na bomba. Aliisogeza chupa puani, akafumba macho.

"Gongo," alisema. Watu wakaguna. Alinusa tena, safari hii kifundi. "Ya molasi. Ya mihogo haina utamu huu. Tena imetiwa maji, na petroli imepita humo. Aliyepika hii hajui kazi."

"Imetoka kwenye pampu ya Mzee Shimba," Okwach alisema. "Ijumaa, saa mbili asubuhi."

Chupa ikachukuliwa na mkono mmoja, ikapita kwa mwingine. Wanaume ambao walikuwa wakijisifu kwamba hawaijui pombe hata kwa rangi walinusa mara moja na kutikisa kichwa upesi mno, "Ndiyo, ndiyo yenyewe," na wake zao wakageuka kuwatazama.

"Halafu nyamazeni niwaambie," Mama Kija alisema, akagonga fimbo sakafuni. "Harufu hii niliisikia siku ile ya Misungwi. Ilikuwa inatoka mbele, kwenye injini, kabla huyu hajashuka kwenye gari. Gari linatembea, harufu inakuja. Nikasema labda uzee umenila pua."

"Mama, mbona hukusema?" mchungaji aliuliza.

"Nani aliniuliza? Kwenye baraza lenu mlikaa wanaume wanane. Mimi niliyekuwa kiti cha nyuma yake sikuitwa."

Kicheko kilipita kwenye mabenchi ya wanawake, kikafa ghafla, maana Shimba alikuwa amesimama. Hakuwa anatabasamu tena. Alisema mapipa ya spiriti yalivuka ziwa, aliletewa na watu, si yeye aliyepika. Alisema si sumu. Nchi nyingine wanachanganya na magari yanakwenda, hata hapa nchini shirika fulani liliwahi kufanya, Mzee Okwach mwenyewe ni shahidi.

"Mimi ni shahidi," Okwach alisema. "Lilifanya. Na liliandika kwenye pipa. Wewe uliandika wapi?"

Shimba akakaa.

"Ningesoma, nisingeweka mdomo. Basi. Neno moja tu la rangi kwenye pampu yako. Na Alhamisi ulikaa hapa ukijua, ukawaongoza kunisamehe!"

Mchungaji alinyoosha mikono yote miwili. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ndugu zangu, ndugu zangu. Sisi sote tu wakosaji. Tumsamehe na Mzee Shimba, tufunge jambo hili kwa sala."

Wachache walisema amina, kwa mazoea.

"Yeye msameheni," Okwach alisema. "Anacho cha kusamehewa. Mimi nifuteni."

"Tukufute?" mchungaji aliuliza.

"Kwenye daftari hilo. Pale palipoandikwa nimelewa, pafutwe. Pale palipoandikwa nimekiri, pafutwe. Na pale palipoandikwa nimesamehewa, pafutwe kuliko kote. Sasa hivi, watu wanaona."

Mchungaji alisita. Macho yake yalipanda yenyewe kwenye mabati, yakafika pale yalipoishia, anga ikaonekana. Kisha alitoa kalamu mfukoni, akachora mstari, akachora wa pili, akachora wa tatu. Roza alikuwa amekwisha fika mezani, na hakuondoka mpaka alipouona wino umekauka.

Walipotoka nje, Shimba aliwafuata mpaka kwenye uzio wa minyaa. Alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Okwach aliitikia, maana ndivyo alivyolelewa.

"Mzee wangu, tusifike mbali. Nitakununulia kabureta mpya. Tangi nitalijaza mafuta safi, kutoka mjini, kwa mwezi mzima. Niambie tu nikurudishie nini."

Hasira iliyomsimamisha Okwach kanisani ilikuwa imebaki, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichofanya sauti yake itetemeke.

"Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilishika udongo wa kaburi la baba yangu, nikasema sitaonja. Miaka arobaini na moja sikuonja, Shimba. Siku ya arusi, siku ya msiba, nikiwa na kiu katikati ya pori, sikuonja. Nirudishie hiyo."

Shimba aliizungusha kofia mikononi, akaitazama kama jibu limeandikwa ndani yake.

Roza alimwaga kilichobaki kwenye chupa chini ya minyaa, akaufungua uzi, akautia mfukoni. Walikwenda nyumbani kwa miguu. Njiani Okwach alitema mate pembeni ya barabara, akafuta mdomo kwa kiganja, akatema tena.